Kubadilisha bushi za Vitz: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wateja wanaoingia gereji na Vitz, zile za umbo la kwanza (1999 hadi 2005) na la pili (2005 hadi 2010). Mwenye Passo, March, Demio au Fit asijione mgeni, maana magari haya yote yamejengwa kwa mtindo mmoja: mbele kila gurudumu lina shokapu iliyosimama juu ya loa amu moja (mkono wa chuma wa chini unaoshika gurudumu), nyuma kuna boriti moja inayounganisha magurudumu mawili. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine kwa sababu huko ndiko pesa za wateja zinakopotelea.

Bushi ni kitu gani hasa?

Ni mpira ulioshikamanishwa na vyuma viwili vya duara, kimoja kikubwa kwa nje, kingine chembamba kwa ndani. Cha nje kimeshindiliwa kwa presi (mashine ya kukandamiza) kwenye loa amu. Cha ndani kinapitiwa na boliti na kubanwa kwenye krosi memba, ule mhimili wa chuma unaopita chini ya injini, na kikishabanwa hakiendi popote. Gurudumu likipanda tuta, loa amu inapanda nalo. Chuma cha ndani kimetulia, kwa hiyo kazi yote inabebwa na mpira, unajipinda kisha unarudi. Wapo mafundi wazuri kabisa wanaoamini kuwa bushi inazunguka kama beringi. Haizunguki, inajipinda. Shika neno hilo, huko mbele nitalirudia mpaka unichoke.

Kila loa amu ina bushi mbili. Ya mbele ni ndogo na ngumu. Ya nyuma ni kubwa, laini zaidi, na ndiyo inayopokea kishindo ukifunga breki au ukiingia shimoni. Kama gari lako lina stabilaiza, ile nondo ndefu inayopita kutoka upande mmoja hadi mwingine, nayo ina bushi zake mbili. Nyuma, boriti imeshikiliwa kwenye bodi na bushi mbili kubwa.

Gari langu lina kilomita 80,000 tu. Bushi zinawezaje kuwa zimekufa?

Mpira hausomi kilomita peke yake. Vitz ya mwaka 2006 ina mpira wa mwaka 2006, hata kama ilikaa uani miaka mitano. Umri unaukausha, joto la injini linaukausha, na oili inayovuja kutoka juu inaulainisha mpaka uwe kama ubuyu uliolowekwa. Juu ya hayo weka barabara zetu: rasta (vituta vidogo vya mfululizo), matuta yasiyo na rangi, makorongo ya pembeni mwa lami unapompisha mtu. Ndiyo maana mara nyingi upande wa kushoto hutangulia kufa, kwani sisi tunaendesha kushoto na tairi za kushoto ndizo zinazoshuka kwenye korongo.

Gari linagonga mbele. Nitajuaje kama ni bushi na si shokapu?

Anza na masikio kabla ya spana. Mlio mwepesi wa mfululizo, ko-ko-ko-ko, ukipita kwenye rasta au barabara ya changarawe kwa mwendo mdogo, mara nyingi ni linki za stabilaiza, vile vifimbo vifupi vinavyoishikiza. Mlio wa kitanda cha zamani, nyiii, ukipanda tuta taratibu, ni bushi ya stabilaiza au bushi iliyokauka. Kishindo kimoja kizito, ngo, unapofunga breki, halafu kingine unaporudi rivasi: hapo mtuhumiwa wa kwanza ni bushi ya nyuma ya loa amu. Shokapu iliyokufa kwa kawaida inakuonyesha kwa macho, imelowa oili, na gari likibonyezwa kwenye bampa linadundadunda badala ya kutulia.

Dalili nyingine huzisikii, unaziona mikononi na kwenye tairi. Steringi haitulii barabara kuu, unaenda Morogoro na njia nzima unairekebisha kidogo kushoto, kidogo kulia. Gari linavuta upande ukifunga breki. Gari linakula tairi upande wa ndani hata baada ya alaimenti (kunyoosha mkao wa magurudumu).

Ukitaka uhakika, kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni cha watu wawili. Mmoja akae ndani, mguu wake ukiwa juu ya breki, aingize D alegeze breki kidogo tu mpaka gari litake kuondoka kisha aishike tena, halafu afanye hivyo kwa R. Wa pili asimame ubavuni, kamwe asisimame mbele wala nyuma ya gari, aangalie gurudumu la mbele ndani ya fenda. Likisogea mbele na nyuma kwa kiasi kinachoonekana, bushi ya nyuma imekatika. Kipimo cha pili, gari likiwa kwenye stendi (vyuma vya kuegemeza gari lililoinuliwa) au juu ya shimo, chukua mtarimbo, uweke kati ya loa amu na krosi memba, uinue taratibu. Bushi nzima inakubali kidogo na kurudi. Iliyokufa inaachia mwanya, unaona mpira umeachana na chuma.

Nyufa ndogondogo juu ya mpira, kama za udongo wa mbugani wakati wa kiangazi, zisikutishe. Ni uzee wa ngozi. Hofu ianze pale ufa unapopita upande hadi upande.

Na usisahau boljointi, kile kiungo cha duara kati ya loa amu na gurudumu. Shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, angalia boljointi au beringi ya gurudumu. Shika kushoto na kulia: likicheza, angalia tairodi, fimbo inayopeleka mzunguko wa steringi kwenye gurudumu. Nimeona watu wamebadilisha bushi nne na mlio ukabaki palepale kwa sababu ya linki moja ya stabilaiza, spea ya bei ndogo kuliko zote chini ya gari.

Naweza kuendelea kuendesha kwanza?

Bushi yenye ufa, kwa mwendo wa mjini, ndiyo, huku ukijipanga. Bushi iliyokatika kabisa, hapana. Gurudumu linarudi nyuma kila ukifunga breki, gari linabadili njia bila wewe kuliambia, na tairi linaisha kwa wiki chache. Boljointi inayocheza haisubiri hata mshahara. Ikichomoka, gurudumu linalala.

Nibadilishe bushi tupu au ninunue loa amu nzima?

Inategemea vitu vitatu: hali ya boljointi, hali ya chuma, na kama kuna mtu mwenye presi ya kweli karibu na wewe. Boljointi ikiwa nzima na loa amu haijapinda wala kuliwa na kutu, bushi tupu zinatosha na ni nafuu. Lakini kama boljointi nayo imechoka, jumlisha bei ya bushi nne, boljointi mbili na fedha ya presi, kisha ulinganishe na loa amu mbili mpya. Mara nyingi tofauti inakuwa ndogo, na loa amu nzima inafungwa bila kupigwa nyundo. Mimi mwenyewe gari likishavuka miaka kumi na tano naegemea loa amu nzima.

Loa amu ya mtumba kutoka Japani ni kamari nyingine. Chuma kinaweza kuwa kizuri, lakini mpira wake una umri uleule wa gari ilikotolewa, pengine sawa na huo unaoutoa. Zaidi ya hapo, sehemu za baridi za Japani humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hula vyuma vya chini. Ukinunua mtumba, nunua kwa ajili ya chuma na uhesabu kuwa utaweka bushi mpya.

Nikienda dukani niseme nataka bushi ya gari gani?

Usiseme "ya Vitz" ukaishia hapo. Soma namba ya chesi kwenye kadi ya gari au kwenye kibati: SCP10, SCP90, KSP90, NCP91 na kadhalika. Herufi ya kwanza inatokana na familia ya injini, S kwa SZ, K kwa KR, N kwa NZ. Kwa hiyo KSP90 ni ile ya cc 996 yenye silinda tatu, na SCP90 ni ya cc 1,296. Muuzaji wa spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, akisikia namba hiyo anajua hazungumzi na mtu wa kubahatisha.

Namba za spea za Toyota nazo zinasomeka. Tarakimu tano za mwanzo zinataja kitu chenyewe, zinazofuata zinataja ni cha gari gani. 48654 ni bushi ya mbele ya loa amu, 48655 ni ya nyuma. 48068 ni loa amu nzima ya kulia, 48069 ya kushoto. 48815 ni bushi ya stabilaiza ya mbele na 48820 ni linki yake. Ukipewa boksi lililoandikwa 48655 na ndani kuna kibushi kidogo cha mbele, rudisha palepale.

Bushi mpya iangalie kabla ya kulipa. Mpira uwe umeshika chuma pande zote bila mwanya, usiwe na harufu kali ya petroli, na ukiubonyeza kwa ukucha urudi.

Za poli (plastiki ngumu ya poliyurethani badala ya mpira) vipi? Naambiwa hazifi.

Zinadumu, na hazijali oili kama mpira. Lakini ni ngumu, na kila jiwe dogo la barabarani utalisikia kwenye steringi. Halafu zenyewe kweli zinazunguka juu ya bomba lao la chuma, tofauti na za mpira, kwa hiyo zinahitaji grisi ya silikoni, na ikikauka zinalia. Kwa mtu anayekimbiza gari, sawa. Kwa Vitz ya kupeleka watoto shule na kurudi, mpira wa kawaida unatosha.

Naweza kufanya kazi hii mwenyewe nyumbani?

Bushi za stabilaiza, ndiyo. Zimepasuliwa upande mmoja, unalegeza kibano, unavua ya zamani, unavisha mpya. Za loa amu zinataka zaidi: stendi mbili imara, spana na soketi, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kifaa cha kuachanisha boljointi, na njia ya kufika kwenye presi. Jeki peke yake si kifaa cha kulala chini yake. Ukishatoa tairi, lilaze chini ya ubavu wa gari, ili stendi ikiteleza, gari liangukie tairi na si wewe.

Kabla hujalegeza chochote, chungulia boliti ya mbele ya loa amu ya kushoto, upande wa giaboksi. Kuna magari madogo ambayo boliti hii ikitoka nusu inagonga giaboksi na kukwama, ikabidi krosi memba ishushwe kidogo ndipo itoke. Ni bora kulijua jambo hilo asubuhi kuliko saa kumi na mbili jioni, gari likiwa halina miguu.

Kazi yenyewe inaendaje?

Siku moja kabla, pulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye boliti zote. Asubuhi, gari likiwa bado limesimama kwa tairi zake kwenye sakafu iliyo sawa, chukua futi upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kila upande, uandike. Kipimo hiki ni cha sekunde thelathini na ndicho kitakachookoa kazi yako.

Inua, weka stendi, toa tairi. Fungua linki ya stabilaiza kama imeshikana na loa amu, achanisha boljointi, kisha toa boliti za loa amu. Boliti iliyogandana na chuma cha ndani cha bushi usiipige mpaka ikunjamane. Ikigoma kabisa, kata kwa grenda uweke mpya.

Kabla ya kusukuma bushi ya zamani itoke, tia alama kwenye loa amu ukionyesha imekaaje. Bushi ya nyuma ina nafasi zilizoachwa wazi kwenye mpira, na hazikuachwa kwa bahati mbaya: upande ulio wazi unakubali, upande uliojaa unakataa. Ukiigeuza, gari litakuwa gumu panapotakiwa ulaini na legelege panapotakiwa ugumu. Nilipokuwa naanza kazi niligeuza moja ya upande wa kulia, mteja akarudi siku ya pili akisema gari linatembea kama limelewa. Alikuwa sahihi.

Bushi mpya isukumwe kwa kushika chuma cha nje. Ukisukuma katikati unauvua mpira kabla haujafanya kazi hata siku moja. Paka maji ya sabuni iteleze. Halafu rudisha vyote, lakini boliti za loa amu zikaze kwa mkono tu. Bado usikaze kabisa. Soma jibu linalofuata kwanza.

Niliweka bushi mpya, hazikumaliza miezi minne. Niliuziwa feki?

Inawezekana. Ila mara nyingi nikiichunguza bushi ya namna hiyo nakuta mpira ulikuwa mzuri, umeuawa siku ya kufungwa.

Hivi ndivyo inavyotokea. Gari liko juu ya stendi, gurudumu linaning'inia, loa amu imeinama kuelekea chini. Fundi anakaza boliti hapohapo mpaka mwisho. Chuma cha ndani kimebanwa, na mpira unahesabu kuwa mkao ule wa kuning'inia ndio mkao wake wa kupumzika. Gari linashushwa, loa amu inapanda, mpira unajipinda, na sasa umejipinda hata gari likiwa limeegeshwa. Ni kama mtu aliyelazwa shingo imepinda, halafu kila tuta unamwongezea gunia. Tuta la kwanza anavumilia, la elfu moja anachanika. Dalili yake ni kwamba gari hukaa juu kidogo na kuwa gumu wiki za mwanzo, mwenye gari akadhani huo ndio upya.

Dawa yake haina gharama. Boliti za bushi zikazwe gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida. Gereji yenye shimo ni rahisi: rudisha tairi, shusha gari, lisukume mbele na nyuma mara mbili litulie, ingia shimoni ukaze. Isiyo na shimo, weka jeki chini ya mwisho wa loa amu, upande wa gurudumu, uinue taratibu mpaka futi isome kile kipimo ulichoandika asubuhi, ndipo ukaze kwa toki renchi kwa kiwango cha kitabu cha gari lako. Ukiinua hivyo, hakikisha bodi haiachani na stendi.

Kama fundi wako yuko makini na kila kitu isipokuwa hili, mwambie kwa heshima: "Fundi, tukaze likiwa chini." Hatakuchukia. Akikujibu kuwa haina maana, simama hapo hapo mpaka likae chini.

Fundi anataka kuchoma bushi kwa moto ili itoke. Nimruhusu?

Nisingeruhusu. Moshi wa mpira ni sumu, rangi inayokinga chuma dhidi ya kutu inaungua, na boljointi iliyo karibu inapikwa grisi yake pamoja na kifuniko chake. Kama hana presi, loa amu ibebwe kwa bodaboda hadi kwenye karakana yenye presi. Ni kazi ya dakika chache. Bila presi kabisa, boliti ndefu ngumu, washa nene na kipande cha paipu chenye kipenyo sahihi vinaweza kuivuta taratibu. Nyundo iwe ya mwisho, na hata hapo juu ya chuma cha nje tu.

Nipake grisi au oili chafu ili zisilie?

Hapana. Oili na grisi ya kawaida hufanya mpira uvimbe na kuoza. Ule mtindo wa kupuliziwa dizeli chini ya gari baada ya kuoshwa unanyamazisha mlio kwa siku tatu na kufupisha maisha ya kila mpira ulioko huko. Bushi inayolia kavu, kama ni ya stabilaiza, ibadilishe.

Nibadilishe upande mmoja tu?

Badilisha pande zote mbili. Bushi mpya kushoto na chovu kulia zitakupa gari linalovuta.

Alaimenti ni lazima?

Ndiyo, na ifanywe baada ya boliti kukazwa gari likiwa chini, si kabla. Loa amu ikitolewa na kurudishwa, gurudumu halirudi kwenye milimita ileile. Kama baada ya kazi steringi imekaa pembeni wakati gari linaenda moja kwa moja, usikubali steringi ivuliwe na kurudishwa ikiwa imenyooka. Hiyo ni kunyoosha picha ukutani wakati ukuta wenyewe umepinda. Na upime upepo wa tairi kabla ya kupanda kwenye mashine, wengi wanasahau.

Za nyuma je?

Hizo hudumu zaidi. Zikifa, utasikia nyuma inatembea kivyake ukikata kona au ukipishana na lori, na kishindo kimoja ukipita shimo kwa tairi moja. Boriti inashushwa upande wa mbele ikiwa imeegemea jeki, na hapo angalia mipira ya breki na waya wa hendibreki visivutike. Kanuni ya kukaza ni ileile: gari likiwa chini.

Baada ya kazi, nirudi lini kukagua?

Nati za tairi zikaze tena baada ya kilomita 100 hivi. Kwa Vitz kiwango ni 103 Nm. Boliti za loa amu zikague baada ya wiki mbili. Ili usihangaike na spana, mwambie fundi achore mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye kichwa cha boliti hadi kwenye chuma iliyokalia, akishamaliza kukaza. Ukiingia shimoni na tochi, angalia mstari. Ukiwa umenyooka, boliti haijasogea. Ukikatika, imezunguka, na gari lisitoke hapo kabla haijakazwa upya.